Ndege ya Toronto

"Asithubutu mtu kuniambia tumsubiri," Mugeta alisema, jembe tayari mkononi.

Waombolezaji waliokuja kumzika baba yake wakatazamana. Mzee Wanzagi, baba yake mdogo, akamuuliza taratibu kama kuna habari yoyote ya kaka yake Baltazar. Mugeta akatoa simu. Ilikuwa imeisha chaji tangu msiba ulipoingia, siku tatu nyuma. Asubuhi hiyo alikwenda Bunda kuchukua jeneza, akaichaji dukani, na ilipowaka tu ujumbe wa Baltazar ukaingia: Ndiyo napanda ndege hapa Toronto.

"Leo ndio anapanda," Mugeta alisema. "Toronto mpaka Dar ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Mchana kutwa na usiku kucha yuko hewani. Bado Dar mpaka Mwanza, bado gari mpaka hapa Butiama. Akifika atakuta kaburi limeota majani. Kwani miaka yote alikuwaga wapi?"

Baltazar aliondoka Mugeta akiwa bado ananyonya. Walijuana kwa sauti ya simu tu, nayo kwa nadra, maana kila mara waliishia kugombana.

Kila mtu pale alijua kinachomkimbiza Mugeta. Kwenye ukoo wao, mtoto wa kiume anayefungua kaburi la baba kwa jembe la kwanza ndiye anayebaki na boma: nyumba, ng'ombe na shamba la mteremkoni.

Mama yake, Ursula, alikuwa akiwapa maji vibarua kutoka Suguti, maana vijana wa kijiji walishasusa kwa mdomo wa Mugeta. Mwanamume mmoja mwenye upara, aliyeshuka kwenye bodaboda muda si mrefu, mama alimkalisha kivulini, akasimama naye mpaka akamaliza kikombe. Yule mtu hakusema neno.

"Mama, huyo kaja kufanya kazi, hajaja kubembelezwa," Mugeta alifoka.

Akapiga jembe. Mara ya tatu likagonga mwamba. Akasogea kidogo, akapiga kwa hasira, mwamba tena. Mzee Wanzagi akatikisa kichwa. Kaburi lililokutana na mwamba hufukiwa, na aliyelianza anahesabiwa hajaanza kitu. Akaonyesha kwa fimbo upande wa migomba: waanze upya pale.

Mugeta alikuwa anahema, viganja vimechubuka, koti la suti limejaa vumbi. Yule mwenye upara akainuka, akamchukulia jembe mkononi, akaenda kusimama kwenye migomba.

"Mwacheni achimbe," Mugeta alisema akipuliza viganja. "Kibarua hahesabiki. Mtoto wa marehemu hapa ni mimi peke yangu."

Mzee Wanzagi akamtazama. "Umemruhusu mwenyewe, sisi wote tukisikia?"

"Nimemruhusu. Tena aharakishe, kabla huyo wa ndege hajatua."

Jembe likazama. Upande ule udongo ulikuwa laini. Mtu yule akachimba bila kuinua uso, mara kwa mara akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Shimo lilipomfika magotini, mama Ursula akaja na beseni la maji, akaliweka ukingoni.

"Inatosha, Baltazar," alisema. "Nawa mikono, mwanangu. Mpe mdogo wako jembe, amalizie."