Siku Dorcas Alipopeleka Mukwe Wake Matembezi

Jeep ilikuwa imeinama upande wa bonde, gurudumu moja linazunguka hewani bure, na Mama Madeleine akauliza kama chai iko na sukari.

Dorcas akaongeza sukari kwenye kikombe, akakoroga, akamupa mama mukwe wake kwa mikono miwili kama muke aliyelelewa vizuri. Mama Madeleine akaonja. Akasema sasa imezidi.

Dereva, Héritier, alisukuma jiwe chini ya gurudumu, akarudi kwa usukani, akakanyaga. Jeep ikaruka, ikakaa tena njiani. Ndiyo kazi yake hiyo: wakati wa likizo anachukua watu waliotoka Ulaya, anawazungusha Milima ya Bluu kutwa nzima, mawe na matope, wapige picha. Afishi yake ya matangazo pale Bunia ni picha aliyoitoa kwenye intaneti, jeep nyekundu juu ya mulima wa visiwa vya Karibe. Hata minazi hakuifuta. Watu wakimuuliza minazi iko wapi, anajibu kwamba ilichomwa makala ya kupikia.

Lakini Dorcas hakutoka Ulaya. Alitoka tu Mudzipela, mutaa wa Bunia, na asubuhi hiyo avenue yote ilisimama mulangoni kuangalia muke anayemutembeza mama mukwe wake kwa jeep ya watalii, eti zawadi tu. Wengine walimusifu. Wenye akili walisema iko kitu.

Na kweli kilikuwako. Mume wake, Tharcisse, ananunua samaki kule chini Kasenyi, kando ya ziwa, na siku hizi alikuwa analala huko zaidi kuliko samaki wanavyohitaji. Wanawake wa soko hawakumuficha Dorcas neno: iko nyumba, na ndani iko mwanamuke, jina Falone. Walimupa mpaka rangi ya mulango.

Dorcas hakulia. Hakumupigia mume simu. Alimuambia tu dada yake Annie kwamba atashuka huko, na Falone atajuta siku alipomuona Tharcisse mara ya kwanza. Annie akauliza kama atabeba wembe ao pilipili.

"Pilipili inaoshwaka," Dorcas akasema. "Mi nataka kitu yenye kubakia."

Ndiyo wakawa mulimani, na Mama Madeleine hakufunga kinywa. Upepo ulikuwa mubaya. Kiti kilikuwa kigumu. Sambusa zilikuwa na kitunguu kingi, na Dorcas anajua kwamba kitunguu kinamusumbua. Hayo hayakuwa mapya. Tangu alipotoka Butembo kuja kukaa kwao, foufou, ule ugali wa muhogo, ilikuwa inarudi jikoni kila siku bila kuguswa, na sala zake za alfajiri zilikuwa zinaamsha hata kuku za jirani. Kila mugeni aliyeingia aliambiwa kwamba Tharcisse alikonda tangu aoe. Dorcas alivumilia. Alikuwa anajiambia kwamba angalau muzee huyu, hata akisema yote hayo, iko upande wa nyumba yake.

"Kumbe hamuyafikaka huku hata siku moja, Mama?" aliuliza.

Mama Madeleine akaapa kwamba miguu yake haijapita Bogoro, kule juu kabla ya kuteremuka ziwani.

Wakateremuka. Ziwa Albert lilitokea chini, jeupe, pana. Kwenye njia panda Héritier alipunguza mwendo, maana mvua ilikuwa imebomoa barabara na hakujua ni wapi kunapitika.

"Shika kushoto, mutoto yangu," Mama Madeleine akasema. "Ile ya kuume inaendaka kukufa kwa mulango ya kanisa."

Héritier akashika kushoto. Dorcas aliangalia ziwa. Nyuma yake mama mukwe alinyamaza mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akaanza kusema kwamba ziwa wameliona, sasa warudi, kichwa kinamuuma, mvua inakuja. Mbingu haikuwa na wingu.

"Tunarudi juu ya nini, Mama? Zawadi yenu haiyaisha."

Mulango ulikuwa wa kijani, kama walivyosema sokoni. Falone alitoka mbio akipangusa mikono, na macho yake yalimuona muzee tu.

"Mama, karibuni. Hata simu hamukupiga?"

Kisha akamuona Dorcas. Nyuma yake Tharcisse alitokea na singileti, sahani ya samaki mukononi, akabaki pale pale, hawezi kutoka wala kuingia.

Majirani hawakuitwa, walikuja wenyewe. Dorcas akashuka kwenye jeep, akakaza kitenge kiunoni. Falone akaanza kuvua hereni zake, moja, ya pili, akazipa mwanamuke aliyekuwa karibu.

"Mama Alliance," Mama Madeleine akamuambia Dorcas kwa sauti ndogo, "nakuomba, usifanye fujo. Siye ni watu wa heshima."

Dorcas akageukia jeep. Alimushika mukono, akamushusha polepole ili goti lisimuume, akamutembeza mbele ya watu wote mpaka kwa mulango wa kijani. Akasimama uso kwa uso na Falone. Héritier, kama walivyopatana Bunia, akaenda nyuma ya jeep na kufungua bâche iliyofunika mizigo.

Ilishuka valizi ya kwanza. Ikashuka ya pili. Kisha godoro.

Dorcas alichukua mukono wa muzee, akauweka ndani ya mukono wa Falone, akaufunga vidole.

"Foufou ya kwanza atakataa, dada, weye pika tu ingine," akasema. "Chumba yake ya Bunia nilisha pangisha."