Shikamoo ya Aliyefungwa

Katika mabibi wote wa Nkuhungu, Dodoma, wanaocheza mpira wa kompyuta, Paskazia ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa peke yake, na kila Jumamosi alifungwa.

Kompyuta yenyewe aliiunga miezi saba. Kasha alilipata kwenye mnada wa ofisi iliyohama, na buibui wake ndani. Monita ilikuwa na mstari wa kijani katikati, bei ikashuka. Paskazia akasema afadhali, utamwonyesha katikati ya uwanja. Kadi ya picha, kile kipande kinachofanya wachezaji wakimbie badala ya kurukaruka kama panzi, ilitoka kwa kijana wa Miyuji aliyeoa na kukatazwa michezo. Feni yake ililia kama mashine ya kusaga.

"Bibi, hii kadi imechoka," alisema Mudrick, fundi.

"Hata mimi. Ifunge, tutachoka pamoja."

Siku ya kuimalizia, Mudrick alimfuata nyumbani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo? Wazazi hawajambo?" Alijibu kabla hajageuza shingo, mikono ikiwa kwenye ungo wa karanga. Kwa watu wa umri wake jibu la salamu hutoka kama chafya, huwezi kulizuia.

"Na mchezaji mwenyewe anafika lini?"

"Mjukuu wangu? Yuko njiani."

Hakuwa njiani. Yoramu alikuwa Kondoa, kwa Mzee Bashiri, babu yake mzaa mama. Siku alipozikwa Luka, mwana wa Paskazia na baba yake Yoramu, wazazi hawa wawili waligombana juu ya nani amlee mtoto. Mzee Bashiri alimwita "mzazi mwenzangu" na kumsihi wayaongee nyumbani. Paskazia akatoa neno mbele ya watu, udongo haujakauka: "Kuanzia leo, iwe harusi, uwe msiba, tusiitane."

Mzee Bashiri ni mtu wa kushika neno. Ulipita mwaka wa nne.

Habari zililetwa na Kuluthumu, muuza vitenge wa kwenda na kurudi. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, alisema, haruhusiwi kukimbia, kutwa yuko kwenye kompyuta anacheza mpira na watoto wa mbali. Humo anaitwa Nyundo Saba.

Basi Paskazia naye akajiandikisha: Gideoni, miaka kumi na miwili, wa Nzuguni. Angejitaja kwa jina lake, kompyuta ya Kondoa ingezimwa siku ile ile.

Kanuni aliitunga Yoramu: anayefungwa amwamkie mwenzake. Jumamosi ya kwanza Paskazia alifungwa tisa. Akaandika, akicheka peke yake: "Shikamoo."

"marahaba kijukuu. kunywa uji ukue"

Siku moja mtandao wa Kondoa ulikwama, mtoto akafungwa moja. Hakubisha. "shkamoo mzee," aliandika. Paskazia aliitazama salamu hiyo mpaka ikabidi afute kibodi kwa kanga.

"gido una bibi?" mtoto aliuliza siku nyingine.

"Ninaye. Mkorofi sana."

"mimi wangu yuko dodoma. nikipona nitamtafuta"

Mwezi wa tatu akaandika: "naenda kuongezwa damu. usicheze na mwingine"

Jumamosi tatu jina lake halikuwaka. Paskazia alikaa mbele ya monita toka saa nane mpaka kuku walipoingia bandani. Ya nne likawaka.

"Nimerudi. Nimepona, alhamdulillahi. Usiache kuja, Gideoni."

Herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake, kama barua kwa mwalimu mkuu. Paskazia alimshukuru Mungu kwa sauti, jirani akachungulia uani.

Siku hiyo alishinda. Na iliyofuata. Nyundo Saba alikuwa akipiga mpira nje, akimpasia adui, mara mbili alijifunga mwenyewe. Ugonjwa umemla vidole, aliwaza Paskazia, na ushindi haukumnogea. Jambo moja tu lilimshangaza: mtoto hakutoa shikamoo tena. "Nitakuamkia siku nyingine," aliandika. Au, "Leo nimechoka." Deni likafika shikamoo sita. Paskazia akajiambia anakua huyo, ameanza kuona haya.

Jumamosi ya saba akaamua kumpa furaha. Alimtoa kipa wake, akawasimamisha mabeki wake kama vigingi, akaacha goli wazi. Hata hivyo mwenzake alihangaika karibu mchezo mzima ndipo mpira ukaingia. Moja bila. Paskazia akapiga makofi peke yake chumbani, kisha akalipa kama kanuni inavyotaka:

"Shikamoo."

Jibu lilikuja haraka kuliko yote ya majuma hayo saba.

"Marahaba, baba. Hujambo? Wazazi hawajambo?"

Feni ikaendelea kulia. Halafu, baada ya muda mrefu:

"Yaani, marahaba kijukuu. Kunywa uji ukue."

Paskazia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, polepole:

"Mzazi mwenzangu, mlimzika lini?"