Kidole cha Mzee

Binti fundi alikuwa ameshika boliti ya mwisho, tayari kufunga turbo, kisukuma-hewa cha injini ya jenereta ya hospitali, baba yake alipomwambia, "Hebu ngoja, mwanangu."

Mzee aliihudumia injini hiyo miaka thelathini, mpaka mngurumo wake ukamziba masikio. Aliinama, akalipuliza gurudumu la mapanga ndani ya turbo kama anayepoza chai. Chuma kizima kikazunguka kwa pumzi tu, kimya kama kivuli.

Akaligusa kwa ncha ya kidole. "Linakwaruza."

Binti akamwonyesha vidole viwili: amepima mara mbili. Hata hivyo akamulika tochi. Kwenye ukingo wa panga moja, mchubuko mpya, mwembamba kama unywele, ukang'aa.

"Fumba macho," mzee alisema, akikiweka kidole cha binti palepale alipogusa yeye.

Akapuliza tena; mkwaruzo mdogo ukapita kidoleni, na vinyweleo vya binti vikasimama.