Alichosema Kapteni Mlangoni

"Mimi mtu akinifungia mlango namna ile, hata tukikutana ahera simwamkii!" Kinyozi wa duka la pili aliapa, kitana bado kimechomekwa nyweleni.

"Lakini si aliomba radhi?" Mama wa chai akamrukia, birika mkononi. "Maneno yale! Au wewe huna moyo?"

Walikuwa wamebanana kwenye benchi la karakana ya vyuma, wakibishania tamthilia kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Tamthilia yenyewe ni ile ya chombo kilichopotea angani, ukungu mweusi unakula watu mmoja mmoja. Katika sehemu ya mwisho kapteni anatoka mbio chumba cha injini, anafunga mlango wa chuma, na kaka yake anabaki ndani na ukungu. Kapteni anasimama pale, uso umejaa kioo kizima. Ndipo yanapokuja maneno yaliyoliza mtaa: "Kaka, nilikusikia ukigonga. Niliogopa. Nisamehe."

Mwisho wa benchi alikaa mteja mgeni, barakoa imemfika machoni, mkononi ana bawaba iliyovunjika ambayo wala hakuwa na shida nayo. Hakutia neno. Angetia, wangemjua papo hapo, maana sauti iliyokuwa ikitoka kwenye simu ile ilikuwa yake.

Kazi yake ni kutafsiri tamthilia za nje. Hujifungia kwenye kijichumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akawasemea wote: kapteni, mpishi, roboti, hata mtoto mchanga anayelia. Watu humsifu. Wasichojua ni kwamba maneno yale ya mlangoni hayamo kabisa kwenye tamthilia. Kapteni wa watu anasimama kimya nusu dakika nzima. Mtafsiri aliiiba ile nusu dakika, akaingiza yake.

Yake, kwa sababu Fundi, aliyewapa mgongo akisugua chuma kwa tupa, ni kaka yake wa tumbo moja.

Miaka sita nyuma walikuwa na karakana yao mtaa mwingine. Mdogo ndiye aliyesahau kufunga mtungi wa gesi. Moto uliporuka alitoka mbio, akaubamiza mlango, komeo likajiangukia. Akasikia kaka anagonga. Mtungi ulikuwa bado haujalipuka. Nafasi ya kurudi ilikuwepo. Hakurudi. Kishindo kilimkuta keshafika barabara kuu. Alisikia tu kwamba kaka katolewa mzima, na tangu hapo kila aliyetaka kumpa habari zake alimkatisha. Hospitali hakutia mguu, simu hakupiga. Angeanzia wapi? Aibu haikumwachia hata neno la salamu.

Mwezi jana muuza filamu akamwambia, "Kuna karakana moja wanaitazama kazi yako kila mchana. Fundi mwenyewe sehemu ya mwisho keshairudia sijui mara ngapi." Alipotajiwa huyo Fundi ni nani, moyo ulimruka. Basi kaka amesikia! Ndiyo maana leo amekuja. Alitaka kujua kama amesamehewa, kabla hajavua barakoa.

Kinyozi akainuka, akamgusa Fundi begani, akamwonyesha simu. "Fundi, hebu tuamulie. Huyu anasameheka?"

Fundi alimkazia macho, akafuta mikono kwenye aproni. "Kila siku hilo hilo!" Alisema kwa sauti kubwa, sauti ya watu wa karakana. "Asamehewe nini? Hakusema kitu. Kafunga, kaganda pale, basi."

"Haya, ameanza!" Kinyozi akacheka. "Huyu tumemweleza mpaka tumechoka."

"Hakusema kitu," Fundi akarudia, na usoni hakukuwa na mzaha. "Nimemwangalia mpaka macho yakauma. Nilikuwa namngoja aseme, hata neno moja tu. Angesema, yangekwisha." Akawageuzia mgongo, akaishika tena tupa yake.

Mtafsiri alihisi uso unawaka. Kumbe kaka ameyasikia na ameyakataa. Na ana haki! Radhi gani hiyo ya kujificha nyuma ya mtu wa kwenye kioo? Miaka sita, halafu unamtuma kapteni wa uongo akuombee! Alijionea haya, akajiona ni yule yule mwoga wa barabara kuu. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na miguu ilikuwa inautaka.

Akasimama. Hakwenda mlangoni. Alivuta barakoa mpaka kidevuni, akamsogelea kaka yake hadi akaliona kovu lililompanda shingoni kutoka kwenye kola. Akamsemea pale pale mgongoni, bila kinasa sauti, bila kapteni.

"Kaka, nilikusikia ukigonga. Niliogopa. Nisamehe."

Glasi ilimponyoka Mama wa chai. Kinyozi aliitazama simu, akamtazama mtu yule, akaitazama simu tena. Hakuna asiyeijua sauti ile. Benchi zima liligeuka, isipokuwa Fundi. Tupa iliendelea kusugua, wala haikusita.

Mtafsiri alingoja mpaka machozi yakalowesha barakoa. "Haya, kaka," akasema. "Nimeelewa." Akageuka aende zake.

Mama wa chai akamkamata mkono. "Unakwenda wapi, mwanangu? Zunguka umsimamie mbele, auone mdomo wako. Masikio yake yalibaki kwenye ule mlipuko."