Makopo Mawili ya Rangi

Kila mumewe aliponyanyua chuma juu ya kichwa, mke aliinamisha macho kwenye sindano yake.

"Unaniona, mama watoto?"

"Nakuona, baba watoto."

"Huoni. Unashona."

Kabla ya kustaafu, mzee alikuwa dereva wa lori, na mgongo wake ulizoea kiti kuliko kazi. Mke alikuwa fundi wa magodoro. Alijaza sufi na kushona hapo hapo barazani. Chuma chenyewe kilikuwa bomba lenye kopo la rangi kila upande, makopo yamejazwa saruji. Mzee alikitengeneza kwa mikono yake.

Siku ya kwanza alikirukia kama kijana, bila kupasha mwili joto, magoti yamenyooka. Mgongo ukalia ko! Akalala wiki nzima, akigeuzwa kama mtoto mchanga.

Nesi wa mtaa, binti mpole, alikuja kumtazama hata siku yake ya mapumziko. "Mzee, mwili haulazimishwi," alimwambia. "Pasha joto kwanza. Kunja magoti, mgongo uwe wima. Anza na kitu chepesi, halafu uongeze kidogo kidogo."

"Mimi nimebeba tani thelathini, binti yangu."

"Lori ndilo lililobeba, babu."

Wote walicheka, lakini mke alimjua mumewe. Akipata nafuu tu, angerudi kwenye saruji ile ile. Basi mzee akiwa bado kitandani, mke akatafuta makopo mengine mawili ya rangi ile ile. Akayajaza sufi, akayafunika juu kwa saruji nyembamba kama ukoko, akayatia kwenye bomba la aina ile ile. Kile chuma cha zamani akakivingirisha, akakitumbukiza kwenye shimo la takataka.

Tangu hapo mzee hakuumia tena. Ila alianza kujisifu. Mtaa mzima ukamwita Mzee wa Vyuma, na kila alipoitwa hivyo, moyo wa mke ulichomwa. Katika ndoa yao hakuwahi kumdanganya, hata kuhusu chumvi iliyozidi. Sasa alikuwa amemfanya kichekesho, na mwenyewe hajui.

Na kadiri mzee alivyozidi kuwa mwema, ndivyo yeye alivyozidi kuumia. Mzee alimkataza kufagia pembe ya baraza kilipokaa chuma. "Acha, usije ukajigonga vidole. Nitafagia mwenyewe." Akafagia kweli, kila siku, na kuingia ndani akiwa na nyuzi za sufi kwenye shati. Lakini nyumba ya fundi wa magodoro, nani hakuwa nazo?

Siku moja alimletea mto mdogo wa kukalia, umeshonwa kwa mkono mbaya wa dereva.

"Kiuno chako nacho kina haki," alisema.

"Sufi umeitoa wapi?"

"Mabaki tu. Kaa."

Mke aliukalia, ukatoa vumbi la kijivu, akapiga chafya. Machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya vumbi. Nitamwambia kesho, aliwaza. Kesho ikawa keshokutwa.

Ndipo asubuhi moja jirani yao, fundi wa kuchomelea, akachungulia getini. Alikuwa anahamisha karakana yake, na fuawe, lile pande la chuma analopondea vyuma vingine, lilikuwa limegoma kupanda mkokoteni.

"Mzee wa Vyuma! Njoo uwaaibishe vijana wangu!"

Nje watu wakashangilia. Mzee akaanza kuzungusha mabega. "Nakuja. Niachieni nafasi."

Akilini mke alimwona tayari yuko chini, mgongo umekatika, na safari hii hakuna wa kumgeuza mpaka apone. Sindano ikamdondoka.

"Usiende!"

"Una nini wewe?"

"Nguvu hizo si zako! Ni mimi, baba watoto. Nilikudanganya. Nisamehe."

Watu walitazamana, wakamtazama yeye, na hakuna aliyeelewa. Mzee peke yake hakuonekana kushangaa.

Mke akakimbilia pembe ya baraza ili awaonyeshe kwa macho yao. Akainama, akalikamata bomba kwa mkono mmoja, tayari kuliinua juu mbele ya wote kama mtu anayeinua mto wa kulalia.

Bomba halikutikisika.

Akaongeza mkono wa pili, akavuta kwa nguvu zake zote. Makopo yalibaki pale pale, kana kwamba yameota mizizi sakafuni.

Mzee akaja nyuma yake, akamshika mabega polepole.

"Sufi yako unaikalia siku nyingi, mama watoto," alimnong'oneza. "Kunja magoti kwanza. Mgongo uwe wima."