Kimfuko cha Viatu

Miaka tisa nimeishi na mke mwenza wa magurudumu manne. Mume wangu alilisugua lile gari lake jekundu la mbio, la zamani, kwa mswaki. Mimi alinipandisha mara mbili tu, tena miguu mitupu, nisije nikachafua kapeti. Kilomita zake ni chache kuliko za baiskeli ya jirani.

Juzi nikamwambia achague, mimi au gari. Akakubali kuliuza, upesi mno. Leo akaja na mnunuzi.

Alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya chini.

"Ndiyo kwanza naliona leo," akaniambia. "Kweli limetunzwa."

"Limedekezwa," nikamjibu, tukacheka sote.

Mume wangu akamfungulia mlango. Kabla hajaambiwa lolote, yule dada akavua viatu. Akapeleka mkono moja kwa moja chini ya kiti, akatoa kimfuko cha kuwekea viatu nilichokishona mwenyewe, akavitia humo.

Kucha za miguu yake zilikuwa nyekundu, rangi ileile ya gari.

Mume wangu akainama kukagua tairi.

"Mpe ufunguo, baba watoto," nikasema. "Na wewe vua viatu, uingie."