Mwenye Njaa Halei Wageni

Aruna alipenyeza mkono wake ndani ya kizimba cha wavu. Mbung'o wakaupanda taratibu, wakaudonoa kidogo, wengine wakarudi kukaa pembeni.

"Njaa imewalegeza," alisema Bwana Daktari, akiwa ameridhika sana.

Kosa la Aruna lilikuwa kubwa. Alipandisha mtumbwi wake ufukweni Magara, mahali serikali ya Wadachi ilipopiga marufuku kwa ajili ya malale. Ili asije akaumwa na mbung'o huko Magara, wakamkamata na kumleta Rumonge, aumwe na mbung'o wa serikali.

Bwana Daktari alikuwa na elimu yake. Vijidudu vya malale, alisema, hukulia tumboni mwa mbung'o. Mbung'o akishiba, navyo hunawiri. Akishindishwa njaa tangu kuanguliwa, navyo vijidudu hufa.

"Mwenye njaa halei wageni," alimweleza Khamisa, mke wa Aruna, alipokuja bomani kumwombea mumewe. "Hawa mbung'o wakianguliwa nitawanyima chakula, kisha niwanyonyeshe damu ya mgonjwa, kisha wamuume mume wako. Hatapata kitu."

"Na akipata, Bwana mukubwa?"

"Tutajua."

Khamisa alishukuru kwa jibu hilo la kutuliza moyo, akaomba afagie chumba cha mbung'o ili awe karibu na mumewe. Akakubaliwa mara moja; alikuwa hakutaja ujira.

Baada ya mkono wa Aruna kuumwa, ilibaki kungoja. Walimpima damu, wakampapasa tezi za shingo, wakamwamsha usingizini kuhakikisha kwamba ni usingizi wa kawaida. Miezi ikapita. Aruna hakupata hata homa. Bwana Daktari alifurahi mno, akamwachia huru bila kumwomba radhi, na Khamisa akarudi kuanika ndagala, dagaa wa ziwani.

Elimu kubwa namna hiyo haikufaa kukaa Rumonge peke yake. Bwana Daktari akawaalika maofisa kutoka Usumbura. Aliangua mbung'o wapya, akawashindisha njaa kwa mkono wake mwenyewe, akafunga chumba na ufunguo akautia mfukoni. Akawanyonyesha damu ya mgonjwa, na walipokuwa tayari, akakunja shati mbele ya maofisa na kutia mkono wake kizimbani. Mbung'o walimvamia kama askari waliokosa posho. Maofisa wakapiga makofi.

Masika yalipokwisha, Bwana Daktari alianza kusinzia mezani, kijiko kikiwa mdomoni. Walimbeba kwa machela hadi Usumbura, naye njia nzima akawa anawaeleza wapagazi kwamba hesabu yake haina kosa. Alizikwa kwa mizinga na heshima zote.

Habari ilifika Rumonge na wavuvi. Aruna alikuwa akishona wavu, Khamisa akigeuza ndagala mchangani.

"Masikini," alisema Aruna. "Mbung'o wenye njaa wameniuma mimi, niko muzima. Wamemuuma yeye, amekufa. Elimu gani hii inayomgeuka mwenyewe?"



"Mbung'o wako hawakushinda na njaa hata siku moja," alisema Khamisa. "Tangu walipoanguliwa, kila nilipoingia kufagia niliwapa mkono wangu. Nilitaka washibe, wasikutamani."